Dau, Fungu na Bei: Kuhesabu Bahati kwa Kiswahili

Neno dau lina maana mbili kubwa katika kamusi zetu, na zote mbili zimebeba hatari. Dau ni chombo cha majini. Dau pia ni fedha aiwekayo mtu katika kamari au aitajayo katika mnada. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, tunaolima maharage na mihogo kwenye vilima vya Kasulu na Kibondo, dau la kwanza tulilifahamu kwa methali tu: dau la mnyonge haliendi joshi. Dau la pili limetufikia kwa simu ya mkononi, nalo limefika na msamiati wa kigeni ambao vijana wetu wanautamka vizuri kuliko wanavyouelewa.

Ninaandika kuhusu msamiati huo kwa sababu umeingia nyumbani kwangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaendesha bodaboda kati ya Kasulu mjini na Makere. Pikipiki si yake. Kila jioni anapaswa kumpelekea mwenyewe kiasi walichokubaliana, na kiasi hicho, kama mjuavyo, madereva wote wa bodaboda wanakiita hesabu. "Nimekosa hesabu ya bosi," husema kijana, naye hana maana kwamba ameshindwa kujumlisha. Nimefundisha Hisabati na Kiswahili katika shule za sekondari, Kibondo kwa miaka mingi na Kasulu mwishoni, na bado neno hili hunifurahisha kila nilisikiapo: mtaa umelichukua jina la somo zima na kulifanya jina la deni la siku. Mwezi wa tatu mwaka jana hesabu ya mpwa wangu ilianza kupungua, na dada yangu akanitumia ujumbe nimwite.

Nilidhani ni mkeka. Kwa msomaji asiyekaa karibu na vijiwe, mkeka ni karatasi au orodha ya mechi ambazo mtu amezibashiria pamoja. Mechi moja ikienda kombo, mkeka umechanika. Ni sitiari nzuri, na aliyeibuni hakusoma kwetu darasani. Serikali ina jina lake rasmi kwa mambo haya yote: michezo ya kubahatisha. Ndilo lililomo katika jina la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Msikitini na kanisani neno ni kamari. Kijiweni ni kubeti. Maneno matatu kwa kitendo kimoja, na kila moja limekwisha kutoa hukumu yake kabla ya mazungumzo kuanza: la kwanza linaruhusu, la pili linakataza, la tatu linakonyeza jicho.

Mpwa wangu alikuja, akaniamkia, akaketi, akakana. "Mkeka niliuacha zamani, Mjomba. Mimi nacheza poka. Poka ina akili, si bahati tupu." Kisha akanionyesha simu: meza ya duara, watu sita wasiojuana, karata, na madau ya senti za dola. Alikuwa akitazama video za Kiingereza zinazofundisha kitu kinachoitwa huko uwiano wa chungu, na kingine kinachoitwa uwiano wa yale yanayodokezwa. Nafasiri neno kwa neno makusudi, ili mwone jinsi tafsiri ya namna hiyo isivyomsaidia mtu.

Nilimuuliza uwezekano ni nini katika hisabati. Akanipa fasili ya kidato cha nne kwa Kiingereza, nukta kwa nukta, pamoja na mfano wa sarafu na mfano wa dadu. Alikuwa ameihifadhi vizuri. Lakini kati ya fasili ile na senti zilizokuwa zikimponyoka hapakuwa na daraja lolote. Nikamwambia: tutaanza upya, na tutaanza kwa Kiswahili.

Wapenzi wa lugha wasidhani kwamba Kiswahili ni mgeni katika meza ya karata. Karata yenyewe, kopa, uru, pau, shupaza na turufu ni maneno tuliyoyapokea kwa Wareno, na tumekaa nayo karne kadhaa hata hakuna anayeyashuku. Kamari ni ya Kiarabu. Kukopa si aibu, wala simlaumu kijana anayesema "odi". Shida yangu ni nyingine: Mreno alituachia jina la karata na karata yenyewe mkononi, ilhali neno "odi" limekuja kama namba iliyokwisha kupikwa na kampuni, na mtumiaji haonyeshwi jikoni.

Tulianza na lile wanaloliita chungu, yaani fedha zote zilizorundikwa katikati ya meza kwa mkono mmoja wa mchezo. Mpwa wangu alisema tu "chungu". Si baya. Lugha yetu ina chungu hiki, cha kupikia, na chungu hii, ya mawe au ya mchanga, yaani lundo. Ngeli ndiyo inayotenganisha. Mshairi angefurahi, maana kuna pia chungu yule atambaaye, na uchungu wa mwarobaini. Lakini mwalimu hapendi neno lenye milango minne anapofundisha jambo gumu. Nikapendekeza fungu. Sokoni Kasulu nyanya huuzwa kwa fungu: unaliona lote, unauliza bei, unalinganisha, unalipa au unapita. Na mtu aliyekosa bahati husemwa amepata fungu la kukosa. Neno lilikuwa linatungoja.

Hapo bei nayo ikaja yenyewe. Kinachoitwa uwiano wa chungu ni bei ya fungu tu: ninatakiwa kulipa kiasi gani leo ili niwe na haki ya kungojea fungu lililoko mezani?

Niwaeleze mchezo kwa ufupi. Kila mchezaji hupewa karata 2 za kuficha. Mezani hufunuliwa karata 5 za wote: kwanza 3 kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kati ya mafunuo hayo watu huweka madau. Ukiwekewa dau una njia tatu, kulifuata, kulipandisha, au kuziachia karata zako na kutoka. Aliye na mkono bora wa karata 5 huzoa fungu.

Sasa, umeshika kopa 2. Mezani pamefunuliwa karata 4, mbili kati yake ni kopa. Kopa moja zaidi itakupa tano za aina moja, mkono mkubwa. Kopa zote ni 13, umeziona 4, zimebaki 9. Karata zote ni 52, umeziona 6, zimebaki 46. Nilimwambia mpwa wangu alifikirie darasa la wanafunzi 46, idadi isiyo ngeni kwa mtu aliyesoma shule zetu, na wanafunzi 9 kati yao wameshika kopa. Mwalimu atamwita mmoja tu mbele, kwa macho yaliyofumbwa.

Fungu lina senti 80. Mpinzani anaweka dau la 20, fungu linakuwa 100, na wewe unatakiwa kulipa 20. Usiulize "je, kopa itakuja?" Hilo ni swali la mganga. Uliza: kama darasa hili lote 46 wangeitwa mmoja mmoja, kila mmoja katika mchezo wake, ningekuwa wapi? Mara 9 unazoa 100, jumla 900. Mara 37 unapoteza 20, jumla 740. Umebaki na 160. Bei ni nafuu. Fuata, hata kama usiku huu kopa haitakuja, na mara nyingi haitakuja.

Badilisha kitu kimoja tu. Fungu lilikuwa na senti 40, mpinzani ameweka 20, sasa ni 60, nawe unatakiwa kulipa 20 zilezile. Mara 9 kwa 60 ni 540. Mara 37 kwa 20 ni 740. Umepungukiwa 200. Karata ni zilezile, matumaini ni yaleyale, moyo unadunda vilevile. Bei ndiyo iliyopanda. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naangalia karata zangu tu." Nilimwambia hivyo ndivyo wengi wetu tununuavyo nguo.

Washairi mnaosoma hapa mtaniwia radhi, kwa kuwa kijana hakuwa na kalamu barabarani nilimtungia ubeti wa kukariri. Una mizani 16 kama ada, na sikukusudia zaidi ya hapo:

Tazama fungu mezani, lipime na dau lako,
Karata zilo fichoni, ngapi zitakuja kwako?
Bei ikiwa ya chini, toa bila sikitiko,
Ikiwa ghali, jamani, tupa, uokoe chako.

Nilipokuwa nikiutunga niliona jambo ambalo huenda mlikwisha kuliona ninyi: mizani ya shairi na mizani ya duka ni neno moja, na pale mezani zilikutana. Upande mmoja uzito wa dau, upande wa pili uzito wa fungu ukizidishwa kwa nafasi ya kulipata.

Uwiano wa yale yanayodokezwa ulikuwa mgumu zaidi, na hapa ndipo video zilipokuwa zikimpoteza. Kwa Kiingereza jambo hili lilielezwa kwa kirefu na Mmarekani David Sklansky katika kitabu chake The Theory of Poker, kilichotoka mwaka 1987. Wazo ni kwamba fungu unaloliona si lote. Kopa yako ikija, huenda mpinzani ataweka au atafuata dau jingine, na fedha hiyo isiyokuwapo bado inapaswa kuhesabiwa. Nililiita fungu la mbele, kulitofautisha na fungu la mezani.

Mkulima wa maharage hahitaji video kulielewa. Huku kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba. Anayepanda kwa mvua ya kwanza anaweka mbegu yake hatarini, kwa sababu mvua ile huweza kukatika na jua likaichoma miche. Ukipima kwa bei ya maharage ya leo sokoni, huenda kupanda mapema hakulipi. Lakini yeye hapimi kwa bei ya leo. Anajua kwamba akifaulu atakuwa na maharage mabichi wakati jirani zake bado wanapalilia, na mnunuzi atalipa zaidi. Hilo ni fungu la mbele. Nilipokuwa Kibondo nilimwona jirani yangu mmoja akifanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka hakupanda shamba lote bali kipande, kana kwamba amesoma kitabu cha Sklansky.

Tulirudi kwenye mfano wa pili, ule wenye upungufu wa 200. Ukigawa 200 kwa zile mara 9 za kushinda unapata senti 22 na ushei. Maana yake, kama kila kopa inapokuja mpinzani atakulipa wastani wa senti 23 za ziada, bei iliyokuwa ghali imekuwa nafuu. Kwa hiyo swali linakuwa la tabia ya mtu: atalipa? Ana fedha iliyobaki mbele yake? Ataona kilichotokea? Kopa ya tatu ikifunuliwa mezani hata mtoto anashtuka, kwa hiyo fungu la mbele la kopa ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Karata zinazofuatana kwa namba hujificha vizuri zaidi na hulipwa vizuri zaidi.

Katika meza za senti watu hawapendi kutupa karata. Wamekuja kucheza, si kungoja, nao hufuata madau kwa udadisi tu. Kwa hiyo kumtisha mtu ili atoke ni kazi bure, lakini fungu la mbele mara nyingi lipo kweli. Mpwa wangu alifurahi kusikia hivyo, na furaha yake ilinitia mashaka. Neno tarajio ni tamu mno. Aliyekwisha kuamua kufuata hupata fungu la mbele hata pale ambapo hakuna mbele, kama mnunuzi anayejieleza kwamba shati hili la bei ghali litampa kazi.

Ndiyo maana nilimwongezea neno la tatu: deni la mbele. Umeshika kopa ndogo, ya 4 na ya 6. Kopa unayoingoja inakuja, unashangilia, unapandisha dau, na kumbe mwenzako ameshika kopa kubwa kuliko zako. Kilichokuwa faida ya kesho kimekuwa hasara ya kesho, tena kubwa kuliko kama kopa isingekuja kabisa. Kiswahili kilikwisha kutuonya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, ingawa methali, kwa desturi yake, haikutaja kiasi. Methali zetu hazina namba, na huo si upungufu wake, ila mtu akiziendea kutafuta bei zitampa majibu mawili: haba na haba hujaza kibaba, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Zote ni kweli. Inategemea kama unatia au unatoa.

Kisha tukafika kwa mwenye meza. Kampuni hukata sehemu ya kila fungu linalozolewa. Tuseme ni asilimia 5, inayosikika kama kitu kidogo. Rudini kwenye mfano wetu mzuri, uliobakisha 160. Fungu zima baada ya wewe kulipa ni 120. Asilimia 5 yake ni senti 6. Kila ushindi sasa unakupa 94 badala ya 100. Mara 9 ni 846; toa 740; imebaki 106. Katika 160 zimeondoka 54. Asilimia 5 ya fungu imekula zaidi ya theluthi ya faida, na huo ulikuwa mfano wenye bei nafuu. Mpwa wangu alirudia hesabu hiyo mara mbili kwenye simu yake, akidhani nimemdanganya.

Kwa haki nilimfanyia pia hesabu ya mkeka alioudharau. Chukua mambo kumi ambayo kila moja ni sawa na kurusha sarafu. Malipo ya haki kwa moja ni mara 2. Kampuni inakupa mara 1.9, na unaona tofauti ni senti kumi tu. Lakini mkeka huzidisha. Mara 2 kumi zikizidishwa ni 1,024. Mara 1.9 kumi zikizidishwa ni 613. Shilingi 1,000 inaahidiwa 613,000, kijana anaona milioni ikikaribia, haoni kwamba haki yake ilikuwa 1,024,000. Kwa wastani, katika kila 1,000 inayowekwa hivyo hurudi 599. Na katika mkeka hakuna fungu la mbele. Kilichoandikwa ndicho hichohicho. Katika hilo mpwa wangu alikuwa na haki: poka ina akili. Lakini akili hiyo inalipiwa ushuru.

Wasomaji wengine watauliza kwa nini mwalimu mzee anamfundisha kijana kamari. Mke wangu aliuliza hivyohivyo, kwa maneno makali zaidi. Elimu ya uwezekano yenyewe ilizaliwa mahali kama hapo: mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana fungu kwa haki pale mchezo unapokatizwa kabla ya mshindi kupatikana. Lakini sikujitetea kwa Wafaransa. Nilimjibu kwamba kijana alikuwa anacheza tayari, na sikuwa na namna ya kumnyang'anya simu mtu wa miaka 26 anayeamka saa kumi alfajiri.

Nilimpa daftari. Kila mara afuatapo dau akiingoja karata, aandike dau, fungu, na kama bei ilikuwa nafuu au ghali; akidai fungu la mbele, aandike ni nani angemlipa na kwa nini. Hakuliandika siku zote. Hata hivyo, mvua zilipokwisha alikuja nalo, na lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mara alizofuata bei ilikuwa ghali, na kwamba hoja ya fungu la mbele aliitumia hasa usiku wa manane na hasa baada ya kupoteza. Fedha iliyokwenda humo ilikaribia hesabu ya bosi ya siku nne. Alilisoma mwenyewe kwa sauti. Mimi sikusema kitu, kwani Kiswahili chake kilikuwa fasaha.

Hajaacha. Ningependa aache, na nimemwambia hivyo bila kuzungusha maneno. Ameteremka hadi meza ya dau dogo kuliko zote, anacheza Jumapili, na hesabu ya bosi inafika jioni. Dada yangu ameridhika kuliko mimi.

Lakini kuna neno alilonipa yeye, nami nalileta kwenu. Tulikuwa hatuna neno la kutupa karata na kutoka. Kukunja halifai, maana hakuna kinachokunjwa. Kutupa lina hasira ndani yake. Kushindwa si kweli. Siku moja alikuwa akinieleza mkono aliouacha, bei ikiwa ghali, akasema, "Nikalipisha lile fungu, Mjomba." Nilimtaka arudie. Kupisha, akasema, kama unavyoegesha pikipiki kando ya barabara ya Makere ili lori la mihogo lipite. Nimetafuta bora kuliko hilo na sijalipata. Shaka yangu ni ya sarufi tu: tukisema amelipisha fungu, msikilizaji atasikia kupisha au kulipisha? Na lile kato la mwenye meza, ninaloliita ushuru wa fungu kwa kukosa jina jingine, wazee wa pwani waliocheza karata barazani waliliitaje? Anayelijua aniandikie.